Kwa Nini Wengi Humtii Mmoja: Jinsi Madaraka Yanavyojengwa na Kulindwa Uganda

Tarehe 23 Januari 1964, askari wa kambi ya Jinja walimshikilia waziri wao. Felix Onama alikuwa ametumwa na serikali kuzungumza nao juu ya mishahara, nao wakakataa kumwachia mpaka akubali madai yao. Siku tatu kabla ya hapo askari wa Tanganyika walikuwa wameasi. Siku moja baadaye wakaasi wa Kenya. Majeshi hayo matatu yalikuwa watoto wa mama mmoja, KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza. Yalipokea amri kwa Kiswahili kilekile cha kambini na yalidai mambo yaleyale: mshahara unaolingana na uhuru, na maafisa Waafrika mahali pa Waingereza. Serikali zote tatu zililazimika kuwaomba Waingereza waje kuzima maasi.

Kilichofuata ndicho kilichozitenganisha. Mwalimu Nyerere alilivunja jeshi lake akaanza upya, na Septemba mwaka huo JWTZ likazaliwa. Milton Obote wa Uganda alichagua kuliridhisha la kwake. Mishahara ikapanda, vyeo vikagawiwa haraka, na miongoni mwa waliopanda ngazi alikuwamo Idi Amin. Kila askari aliyekuwa Jinja aliondoka na somo moja: serikali hii ukiitisha, inalipa. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, jeshi hilohilo likamwondoa. Na waliokuja kumng'oa Amin Aprili 1979, pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, walikuwa JWTZ.

Tunapozungumza juu ya madaraka, wengi wetu tunatazama juu. Tunamjadili mkubwa mwenyewe, ukali wake, akili yake, maneno yake. Hapo ndipo tunapopotea. Mtawala ana mikono miwili tu. Hawezi kukamata watu, kutoza kodi, kuhesabu kura na kulinda lango la ikulu peke yake. Kila amri yake inapita mikononi mwa wengine, na kila mmoja wao angeweza kuikataa. Basi swali linalostahili kuulizwa ni hili: kwa nini hawaikatai? Ninachoamini, baada ya kuitazama historia ya nchi hii kwa muda mrefu, ni kwamba kiboko ni sehemu ndogo ya jibu. Sehemu kubwa ni mpangilio. Walio karibu na mkubwa wanawekwa mahali ambapo wakimpoteza wanapoteza kila kitu, na walio mbali naye wanawekwa mahali ambapo hawawezi kujua majirani zao wanawaza nini.

Ardhi kama mnyororo

Tuanzie mwaka 1900, kwa sababu hapo mpangilio huo unaonekana waziwazi kuliko mahali pengine popote.

Waingereza walikuwa na tatizo. Walidai kutawala nchi kubwa ilhali watu wao walikuwa wachache mno. Wanajeshi wao Wasudani, wale ambao afisa wao Lugard aliwaleta mwaka 1891 na ambao wajukuu wao tunaishi nao Bombo na Arua, walikuwa wameasi mwaka 1897 kwa sababu ya mishahara duni na safari zisizokwisha. Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda walikuwa wametoka tu kukamatwa pamoja, mwaka 1899, wakapelekwa Ushelisheli. Nguvu ya bunduki ilikuwa imeshinda, lakini bunduki haiwezi kukaa kila kijiji kila siku.

Ndipo Sir Harry Johnston, mjumbe wa Uingereza, akatia saini mkataba na Buganda, Machi 1900. Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Daudi Chwa, alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Waliosaini kwa niaba yake ni watu wazima watatu waliokuwa wakimshikia kiti: Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Katika mkataba huo maili za mraba 8,000 ziligawiwa kwa machifu na waheshimiwa wapatao elfu moja, mbali na zile za Kabaka na jamaa zake, ziwe mali yao binafsi. Ndiyo asili ya ardhi ya mailo.

Fikiria kilichotokea. Kabla ya hapo chifu alishikilia eneo kwa hisani ya Kabaka, na Kabaka angeweza kumwondoa akipenda. Baada ya hapo chifu akawa na karatasi, na karatasi ile ilikuwa na thamani kwa sababu moja tu: serikali ya Kiingereza ilisema ina thamani. Mwingereza akiondoka, karatasi inakwenda naye. Kwa kalamu moja walipatikana watu elfu moja wenye sababu yao wenyewe ya kuulinda ukoloni, wenye lugha ya wenyeji, wanaojua kila kichaka na kila ukoo. Mkulima wa kawaida, aliyekuwa akilima pale tangu enzi za babu yake, akaamka akiwa mpangaji. Alitakiwa kutoa busuulu, yaani kodi ya ardhi, kisha na sehemu ya mazao yake ya pamba, na hali ikawa mbaya hata serikali yenyewe ikalazimika kuweka kikomo kwa sheria ya mwaka 1928. Watu wanaofukuzwa leo kwenye bibanja vyao, vishamba vya wapangaji, wanateseka kwa mkono wa uamuzi ule wa 1900.

Kulikuwa na hatua ya pili. Waliwachukua Waganda wakawatumia kutawala wengine. Semei Kakungulu aliiteka mashariki kwa niaba yao, mpaka Mbale, na kila alikopita akasimika machifu Waganda. Bunyoro nako wakapelekwa watawala Waganda, Luganda kikatumika ofisini na kanisani, na kaunti kadhaa za Bunyoro zikakabidhiwa Buganda kama zawadi ya vita. Mwaka 1907 Wanyoro walipoasi, hasira yao ilikuwa na jina: Nyangire Abaganda, nimewakataa Waganda. Hawakusema wamemkataa Mwingereza. Aliyekuwa akiwatoza kodi na kuwaamrisha barabarani alikuwa jirani yao, na chuki ikamwangukia jirani. Mbili kati ya kaunti zile, Buyaga na Bugangaizi, zilirudi Bunyoro kwa kura ya maoni ya Novemba 1964 tu, na kura hiyo yenyewe ilizaa ugomvi mpya kati ya Buganda na serikali ya Obote.

Ukielewa mambo haya mawili, kumpa mtu mali inayotegemea uhai wako na kumtumia jirani kama fimbo, umeelewa nusu ya siasa ya Uganda ya miaka iliyofuata.

Rafiki wa leo

Obote aliingia madarakani kama waziri mkuu mwaka 1962 kwa kuungana na Kabaka Yekka, chama cha watu waliotaka kulinda kiti cha Mutesa, Kabaka wa wakati huo. Mwaka uliofuata Mutesa akawa rais. Lakini wabunge wa upinzani, na hata wa Kabaka Yekka, wakaanza kuhamia UPC, chama cha Obote, mmoja baada ya mwingine, wakifuata vyeo na miradi. Mkono mtupu haulambwi. Kufikia mwisho wa 1964 Obote hakumhitaji mshirika wake tena.

Yaliyobaki yanajulikana. Tarehe 22 Februari 1966 mawaziri watano walikamatwa wakiwa ndani ya kikao cha baraza la mawaziri. Aprili mwaka huo wabunge wakapitisha katiba mpya ambayo hawakuwa wameisoma, wakaambiwa nakala watazikuta kwenye visanduku vyao vya barua. Mei 24 jeshi likaivamia Lubiri, kasri la Kabaka, Mutesa akakimbilia Uingereza, akafia London mwaka 1969. Aliyeongoza uvamizi ule ni Amin. Ninachotaka kionekane hapa ni kwamba kila hatua ilimfanya Obote amtegemee mtu mwenye bunduki zaidi kuliko hatua iliyotangulia. Alipoivunja Buganda alivunja pia kitu pekee ambacho kingeweza kulisawazisha jeshi. Miaka mitano baadaye hakukuwa na mtu wa kusimama kati yake na Amin.

Hofu na zawadi

Kuhusu Amin watu husema hofu, na ni kweli. Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa Mahakama Kuu, mchana, mbele ya watu, na hakuonekana tena. Wangeweza kumfuata nyumbani usiku. Walimchukua pale ili kila wakili, kila karani na kila mwananchi aliyesikia ajiulize: kama Jaji Mkuu hakuweza kujilinda ndani ya mahakama yake, mimi ni nani? Februari 1977 yakamkuta Askofu Mkuu Janani Luwum. Nakasero, kwenye ofisi za State Research, idara ya ujasusi ya Amin, na Naguru, kwenye kikosi chake cha polisi kilichoitwa Public Safety Unit, watu walipita barabara ya upande wa pili ili wasiangalie majengo yale.

Lakini hofu peke yake isingemweka miaka minane. Agosti 1972 alitangaza kuwafukuza Waasia kwa siku 90. Maelfu ya maduka, viwanda, mashamba na nyumba yakabaki bila wenyewe, na yakagawiwa. Watu waliopewa, wengi wao askari na jamaa za askari, wananchi waliwaita mafuta mingi. Wapo waliokuta duka la nguo likiwa limejaa, wakaliuza lote kwa wiki chache, wasiweze kuagiza mzigo mwingine. Sukari ikaadimika, sabuni ikaadimika, magendo yakawa ndiyo biashara. Uchumi wa nchi ulikufa, na bado kwa shabaha ya kumlinda Amin mpango ule ulifanya kazi, kwa sababu kila mafuta mingi alijua kwamba siku Amin atakapoondoka mwenye duka anaweza kurudi. Ndivyo ilivyokuwa, sheria ya kurudisha mali hizo ilipitishwa mwaka 1982.

Kasoro ya utawala wa hofu ni kwamba unamfanya mkubwa mwenyewe kuwa kipofu. Anayeogopwa haambiwi ukweli. Afisa anamwambia kambi iko tayari kwa vita, kumbe askari hawajalipwa na silaha hazina risasi. Vita vya Kagera vilipofika mlangoni, sehemu kubwa ya jeshi lile lililotisha raia kwa miaka ilipakia mali kwenye magari ikaelekea kaskazini.

Barua ya mwenyekiti

Sasa nije kwenye jambo ambalo msomaji wa Kampala, Mbale au Arua analigusa kila mwezi bila kuliita siasa.

Wakati wa vita vya Luwero, NRA, jeshi la msituni la Yoweri Museveni, ilianzisha kamati za wanakijiji, Resistance Councils. Lazima nizitendee haki: kwa watu waliozoea chifu wa kuteuliwa na operesheni za panda gari, ambapo mitaa ilizungukwa na watu wakapakiwa kwenye malori, kuchagua mwenyekiti wao wenyewe na kumshitaki mwizi mbele ya majirani lilikuwa jambo kubwa sana. Baada ya Januari 1986, NRA iliposhika nchi, mfumo ukaenea kote, na baadaye ukaitwa LC (Local Council).

Leo mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, ndiye mlango wa vitu vingi. Unataka kitambulisho cha taifa, unauza kiwanja, unamdhamini ndugu yako mahakamani, unahitaji barua yake na mhuri wake. Hakuna ubaya katika jirani kuthibitisha kwamba unaishi pale. Ubaya unaanza pale mtu anapojua kwamba akionekana na upande usiotakiwa, mhuri unaweza kuchelewa. Mwenyekiti hana haja ya kukataa. Anasema tu, rudi Jumatatu.

Viongozi hao walichaguliwa mwaka 2001, kisha hawakuchaguliwa tena mpaka Julai 2018. Miaka 17. Na mwaka huo upigaji kura ulikuwa wa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Serikali ilisema njia hiyo ni nafuu na hesabu yake haiwezi kuibwa, kwa kuwa kila mtu anaona mstari. Hoja hiyo ina uzito wake. Ila kila mtu kuona mstari maana yake ni kwamba na mstari unakuona wewe. Mama anayeuza nyanya kwenye kibanda ambacho uhalali wake ni neno la mwenyekiti anachagua mstari akijua kesho atahitaji nini. Kura ya siri ilibuniwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Juu ya kijiji kuna wilaya. Mwaka 1986 Uganda ilikuwa na wilaya 33. Leo zimezidi 130. Wananchi wengi waliziomba kwa nia njema, wakitaka hospitali na ofisi karibu. Lakini kila wilaya mpya inaleta RDC, mwakilishi wa serikali kuu anayeteuliwa na Rais, viti vya ubunge, ajira, tenda na magari, na wote wanaovipata wanajua vilitoka wapi. Pia wilaya ndogo haina mapato yake ya kutosha, hivyo inaishi kwa kutegemea fedha za Kampala. Jimbo kubwa lenye mapato yake lingeweza kubishana na serikali kuu. Ndilo kosa ambalo Buganda ya 1966 iliadhibiwa nalo.

Fedha za kushauriana

Mwaka 2005, bunge lilipokuwa likielekea kuondoa kikomo cha mihula miwili ya urais, wabunge wengi walipewa shilingi milioni 5 kila mmoja, zikaelezwa kuwa ni za kuwafikia wapiga kura. Kikomo kikaondolewa. Mwaka 2017, zamu ya kikomo cha umri wa miaka 75 ilipofika, kiasi kilikuwa milioni 29 kwa kila mbunge, maelezo yakiwa yaleyale. Septemba 27 mwaka huo maafisa wa usalama waliingia ukumbini wakawatoa wabunge waliokuwa wakipinga. Desemba wabunge zaidi ya 300 wakaunga mkono mabadiliko. Wanaounga mkono mabadiliko hayo wanasema kuwa wapiga kura ndio waamue nani atawale na kwa muda gani, na wana haki ya kusema hivyo.

Mimi nataka kuitazama ile milioni 29 yenyewe. Kama ingelikuwa rushwa ya kificho, mbunge angeweza kuipokea kisha akapiga kura anavyotaka. Lakini ilitumwa kwenye akaunti, hadharani, kwa wote, wakiwemo wapinzani. Baadhi yao waliirudisha, na ndiyo sababu tunakumbuka majina yao. Aliyeibakiza hakuweza tena kusimama jimboni kwake akawaambia watu kuwa mchakato ule ni mchafu, maana wangemuuliza, na zako? Fedha ile haikununua kura tu. Ilinunua ukimya wa wale ambao wangepiga kelele.

Ni mbinu ya zamani sana: mfanye mwenzako awe mshiriki. Mtu aliyekula nawe hawezi kukushitaki bila kujishitaki.

Mbinu hiyohiyo, msituni na kanisani

Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA kaskazini, aliifikisha mahali pa kutisha kuliko wote. Watoto waliotekwa na LRA katika Acholi na Lango walilazimishwa kuua, wakati mwingine kuua ndugu au watoto wenzao waliojaribu kutoroka. Baada ya hapo hakukuwa na haja ya kuwafunga kamba kila usiku. Walikuwa wameambiwa, na wakaamini, kwamba nyumbani hakuna atakayewapokea: serikali itawaua, na kijiji kitawalaani. Dominic Ongwen alitekwa akiwa mtoto njiani kwenda shule. Mwaka 2021 mahakama ya The Hague ilimhukumu kifungo cha miaka 25 kama kamanda. Mtu mmoja akawa pande zote mbili za uovu uleule.

Kilichoanza kuulegeza mnyororo huo kilikuwa redio. Sheria ya msamaha ya mwaka 2000 ilikuwapo, lakini karatasi iliyoko Kampala haimfikii mtoto aliyeko porini. Mega FM ya Gulu ilipoanza kuwaleta studioni waliorudi, wakazungumza kwa majina yao, wakawataja wenzao waliobaki, wakawaambia mimi niko hai, mama yangu amenipokea, njoo, makamanda wakashtuka. Walipiga marufuku kusikiliza. Waliwaambia vijana kwamba hizo ni sauti zilizorekodiwa za watu waliokwisha kuuawa. Hebu tafakari kwa nini uongo huo ulihitajika. Bunduki walikuwa nazo, hofu walikuwa nayo, lakini sauti moja ya rafiki uliyemdhania amekufa iliweza kubomoa hesabu yote ya kijana aliyeketi gizani akijiambia kwamba hana pa kwenda. Kwa jumla watu zaidi ya 20,000 kutoka vikundi mbalimbali walipokea msamaha.

Kanungu, kisa cha kikundi cha dini, ni cha namna nyingine, na kinaniuma kwa sababu hakukuwa na bunduki. Credonia Mwerinde alisema anatokewa na Bikira Maria. Joseph Kibwetere alikuwa Mkatoliki aliyeheshimiwa sana, na Dominic Kataribabo alikuwa padri msomi. Waliowafuata hawakuwa wajinga. Walikuwamo walimu na watu wa familia zilizosimama. Waliuza mali na kuikabidhi kwa viongozi. Familia zilitenganishwa. Na waumini walizuiwa kuzungumza, wakawasiliana kwa ishara. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao liliteketea na mamia ya watu ndani yake, na siku zilizofuata miili mingine ikafukuliwa kwenye nyumba za kikundi hicho.

Nimeirudia mara nyingi ile kanuni ya kutozungumza. Ilipewa maelezo ya kidini, kwamba mtu asije akatenda dhambi kwa ulimi. Lakini angalia kazi yake. Viongozi walikuwa wametabiri mwisho wa dunia; mwaka 2000 ulipoingia na dunia ikaendelea kuwapo, lazima wengi walianza kuwa na shaka moyoni. Mtu mwenye shaka anahitaji sikio moja tu, mtu wa kumnong'oneza, je, na wewe unaona ninachoona? Kama hawezi kuuliza, kila mmoja anabaki akidhani shaka ni yake peke yake, na kwamba wengine wote wana imani thabiti. Mamia wanaweza kuwa na shaka hiyohiyo, wamekaa bega kwa bega, na kila mmoja yuko peke yake.

Hii ndiyo sababu nasema tusiiweke mada hii ikulu peke yake. Mkopeshaji anayechukua kadi ya ATM ya mwalimu pamoja na namba ya siri, akawa yeye ndiye anayetoa mshahara na kumpa mwalimu kinachobaki, anafanya kile kile kilichofanywa 1900: ameshika kitu ambacho bila hicho huwezi kuondoka. Mwajiri wa Ghuba anayefungia pasipoti ya binti aliyetoka Iganga kwenda kufanya kazi za ndani, vivyo hivyo. Na mume anayegombana na kila rafiki wa mkewe mpaka mke hana wa kumtembelea, anayekagua simu yake, anayemwambia dada zako wanakuonea wivu, anajenga Kanungu ndogo ndani ya vyumba viwili. Ukitaka kujua kama uhusiano fulani ni wa mapenzi, wa kazi au wa kumilikiwa, uliza vitu viwili: nani anashika karatasi zako, na nani anaamua uzungumze na nani. Kama majibu yote mawili ni mtu mmoja, mwambie mtu mwingine leo.

Kinachoogopwa

Ukijua madaraka yanasimama juu ya nini, unaelewa kwa nini vitu vingine vidogo huchukuliwa kwa uzito mkubwa. Ebimeeza, ile mijadala ya redio ya hadharani ambapo mtu yeyote alisimama akasema lake, ilipigwa marufuku Septemba 2009, wakati wa ghasia zilizozuka baada ya Kabaka kuzuiwa kwenda Kayunga. Aprili 2011, bei za mafuta na chakula zilipopanda, Kizza Besigye, kiongozi wa upinzani, na wenzake walitangaza kwamba watakwenda kazini kwa miguu. Kutembea si kosa. Bado waliokuwa wakitembea walikamatwa, mabomu ya machozi yakalipuliwa. Mtu mmoja anayetembea hana maana yoyote. Watu mia wanaotembea asubuhi moja kwa sababu moja wanaonana, na kila mmoja anajua kwamba wenzake wanajua. Januari 2021 intaneti ilizimwa kabla ya kura, na Facebook ikafungwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na anayeogopa kuvunjwa huhakikisha vidole havikutani.

Kuna tukio la Apaa, kaskazini mwa nchi, Aprili 2015, ambalo linaonyesha upande mwingine. Mawaziri walikwenda kule kusimamia mpaka wa ardhi ambao wakazi waliupinga. Kina mama wazee wa Kiacholi wakavua nguo mbele yao. Katika mila ya Kiacholi hiyo ni laana nzito, na kila aliyekuwapo aliijua, askari wakiwemo. Msafara ukaondoka. Wale kina mama hawakuwa na silaha wala wakili. Walikuwa na kitu ambacho watu wote pale walikiamini kwa pamoja, na kwa siku ile kilikuwa na uzito kuliko amri ya wizara. Ugomvi wa ardhi wenyewe haukuisha.

Nalo hilo ni la kuzingatia: kumwondoa mkubwa au kumrudisha nyuma siku moja ni jambo tofauti na kuuvunja mpangilio. Baada ya Amin, Yusuf Lule alidumu siku 68. Godfrey Binaisa akaondolewa Mei 1980 alipojaribu kumgusa mnadhimu mkuu wa jeshi, Oyite Ojok. Somo la Jinja likarudiwa neno kwa neno. Paulo Muwanga, aliyeongoza tume ya kijeshi iliyochukua nafasi yake, alijitwalia mamlaka ya kutangaza matokeo ya uchaguzi wa Desemba 1980 peke yake, na mwaka uliofuata vita vikaanza. Mali ziligawiwa upya, orodha za nyumba kumi kumi zikaandikwa upya, na walioshika kalamu walikuwa wengine.

Watu walioandika katiba ya 1995 walikuwa wameyaona yote hayo. Tume ya Jaji Benjamin Odoki ilikusanya maoni zaidi ya 25,000 kutoka kila pembe ya nchi, na kikomo cha mihula miwili kilitoka katika kazi hiyo. Lakini ukikifungua kifungu cha 260, kinachoorodhesha mambo yasiyoweza kubadilishwa bila kura ya maoni ya wananchi, unakuta 105(1), kinachosema muhula wa Rais ni miaka mitano. Kifungu kinachofuata, 105(2), kilichosema mihula isizidi miwili, hakimo. Wala 102(b), cha umri, hakimo. Hivyo viwili viliachwa mikononi mwa theluthi mbili za wabunge, na wabunge ni watu wachache kiasi kwamba kila mmoja anaweza kufikiwa kwa jina lake na kwa namba ya akaunti yake.